Lori Lisiloonekana Fungurume

Ukitaka kumharibia mtu jina kati ya Likasi na Kolwezi miaka ile, hukuwa na haja ya kumpeleka mahakamani wala kumsema sokoni. Ulishika kipaza sauti cha foni, ukabonyeza, ukasema. Foni, yaani redio ile ya kuitana na kujibizana, haikuwa na siri. Ulilomwambia dereva mmoja lilisikiwa na madereva wote wa barabara, wafanyabiashara wa Kolwezi, masista wa misheni, na watu wengine ambao hawakuwa na gari wala misheni ila walikuwa na bunduki na njaa.

Eugène Kitenge alibonyeza siku ya Jumatano, saa moja na robo asubuhi. Alikuwa amesimama katika chumba cha foni cha depo yake ya malori, Makasi, koti limefungwa vifungo vyote. Karibu naye alikaa Germaine, mwendeshaji wa foni, na kwenye benchi la ukutani Hortense, mke wa dereva Hilaire. Hortense alikuja pale kila asubuhi mumewe akiwa safarini, kusikia tu sauti yake. Siku hiyo alisikia ya patron, mwajiri wa mumewe.

"Makasi deux, unanisikia? Shemeji yangu alitembea Fungurume yote. Kamiyo yangu haiko. Hilaire, weye ni mwizi. Bantu bote basikie: Hilaire wa Makasi ni mwizi. À toi."

Akaachia kitufe baada ya lile "À toi", yaani zamu yako, na foni ikakwaruza. Germaine aliinamisha kichwa kwenye daftari lake kana kwamba ana jambo la kuandika. Kisha sauti ya Hilaire ikaja kutoka mbali, nyembamba, bila hasira, kusema yuko palepale alipotaja.

"Patron, minye iko paka kwenye nilisema. Unga iko yote. Ninachunga batiri. Terminé."

Akazima. Hortense alingoja mtu mwingine aseme neno. Alijua wako wengi wanaosikiliza, wenzake Hilaire wa miaka kumi na zaidi, watu waliokula bukari, ugali wa kule, nyumbani kwake. Damas, dereva wa lori linaloitwa Étoile, alisema tu kwamba Étoile iko njiani, akanyamaza. Wengine hawakusema hata hilo. Hortense alijua kwa nini wamenyamaza, lakini kujua hakukumpunguzia uchungu.

Lori, yaani kamiyo hiyo Makasi deux, Makasi la pili, lilikuwa limeondoka Likasi Jumapili, limejaa magunia ya unga wa mahindi ya kupeleka Kolwezi. Jumatatu mchana Hilaire akaita: chuma cha chini, jani kubwa la springi, kimevunjika. Akaulizwa yuko wapi, akajibu Fungurume. Eugène akamwomba shemeji yake anayeishi Fungurume aende kulitazama. Shemeji akazunguka Jumanne nzima kwa baiskeli, akauliza hata kwa wauza mkaa, wala hakuona alama ya tairi. Mtu akikuambia yuko mahali, ukatuma macho yako mahali pale, macho yakarudi matupu, utasema nini? Eugène alisema alichosema. Kosa lake si kufikiri vile, kosa lake ni kulitangaza.

Maana madereva wa barabara ile walikuwa na desturi yao. Aliyeharibikiwa akiwa na mzigo hasemi kamwe mahali alipo. Hutaja mji wa mbele yake, ule ambao hajaufikia. Mwenzake akisikia Fungurume, anajua: tazama kabla ya Fungurume, baada ya Mulungwishi. Desturi hiyo haikuletwa na uongo wa asili. Ililetwa na lori moja la chumvi ambalo dereva wake, mtu mwaminifu sana, alitangaza kwenye foni kijiji na hata mti aliokuwa chini yake. Kabla ya jua kuzama wale wa bunduki walikuwa wamemwachia usukani na chupi. Tangu hapo uaminifu wa hewani uliachwa kwa masista.

Wake wa madereva waliambiwa, kwa sababu mke asiyejua angekufa kwa wasiwasi. Marehemu mzee Kitenge, aliyeanzisha depo, alijua, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kulala chini ya malori. Lakini mzee alikuwa amefariki mwezi wa pili, na mwanawe Eugène alitoka Lubumbashi, ofisini, mikono laini, kuja kurithi malori mawili na foni. Hilaire alidhani baba alimwambia mwana. Wengine walidhani Hilaire alimwambia. Na wengine walisema asiyejua maana haambiwi maana. Basi hakuna aliyemwambia.

Hortense aliinuka kutoka kwenye benchi. Akamwomba patron watoke nje kidogo waseme wawili.

"Maneno ya kusema iko hapa," Eugène alijibu, akigonga kipaza sauti kwa kidole. "Weye ni bibi yake. Kesho vakasio ya saa moja utakuya, utamuuliza hapa, bantu bote banasikia. Akisema kwenye iko, vizuri. Akikataa, ninaenda kumushitaki, na nyumba yangu munatoka."

Vakasio ndizo saa zilizopangwa za kuitana: saa moja, saa sita, saa kumi na moja. Hortense aliondoka akijua kwamba ana siku moja, na kwamba mtu huyu hawezi kuambiwa siri. Angeambiwa, angekimbilia kipaza sauti kuuliza kama ni kweli.

*

Familia ya Hilaire ilikaa vyumba viwili vya nyuma katika kiwanja cha patron, nyumba kubwa mbele, bomba la maji katikati. Hortense aliporudi alikuta bomba limefungwa kwa kufuli. Clémentine, mke wa Eugène, alikuwa barazani anachambua sombe, majani ya muhogo. Alisema bila kuinua macho kwamba bomba limeharibika. Kufuli lilikuwa jipya, linang'aa.

Hortense alichukua ndoo akaenda kwenye bomba la mtaa wa pili, akapanga mstari. Habari ilikuwa imetangulia, kwa sababu habari haina magurudumu ya kuvunjika. Wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza. Mmoja wao, mwimbaji mwenzake wa kwaya ya parokia, alimpa pole kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba njaa ni kitu kibaya, hata mtu mzuri inamwangusha. Hortense akamwambia asante. Alipofika nyumbani ndipo alipoona kwamba alikuwa amemshukuru mtu kwa kumwita mumewe mwizi, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia.

Tina, binti yao wa miaka kumi na mbili, alikuwa nyumbani. Walimu hawakuwa wamelipwa tangu Pasaka na shule ilifunguliwa tu siku ambazo mwalimu aliona haya kukaa nyumbani. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka kwa watoto wa nyumba kubwa.

"Mama, tata aliiba?"

"Weye unawaza nini?"

Tina alifikiri, na kule kufikiri kulimchoma mama yake kuliko swali lenyewe. "Minye nawaza apana," alisema mwishowe. "Lakini haiko Fungurume."

Hortense alitaka kumweleza. Alimtazama, akaona mtoto mwenye mdomo mwepesi na marafiki wengi, akasema tu kwamba baba yake ni mtu wa kweli na kwamba kuna ukweli unaongojewa. Lilikuwa jibu baya na alijua. Mtoto wa miaka kumi na mbili hashibi kwa methali.

Jioni alianza kufunga vyombo. Alitoa sufuria, akazipanga kwenye beseni, akafunga godoro kwa kamba. Kisha akalifungua lile godoro. Alijiambia: nikifunga vitu, nimekubali. Wakalala juu yake kama kawaida, wakiwa wamekula bukari kavu kwa sababu ya uhaba wa maji.

*

Alhamisi saa moja chumba cha foni kilijaa. Clémentine alikuja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wapakiaji wawili wa depo walikuja pia, na Tina, ambaye mama yake alimkalisha kwenye benchi na kumwambia asitoke hapo hadi aambiwe. Eugène alimpa Hortense kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani.

Hortense hakuwahi kushika kitu kile. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Alifikiria watu walioinama kwenye redio zao wakati ule, kutoka Likasi hadi Kolwezi, na akafikiria zaidi wale wa bunduki. Akimuuliza mumewe swali la patron, Hilaire ama atasema kweli, na magunia yataondoka pamoja na damu yake, ama atarudia Fungurume, na nyumba itaondoka. Akabonyeza.

"Tata Tina, unakula?"

Sauti ya Hilaire ikaja: "Ninakula, mama Tina. Damas alipita, aliniachia unga na samaki ndakala."

"Na mwili?"

"Mwili iko bien. Nashona ile chuma pole pole."

"Basi kaa paka kule kule Fungurume. Usisogee. À toi."

Hilaire alipojibu kwamba amepokea, sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa laini kama ya mtu aliyeguswa bega.

"Bien reçu, mama Tina. Iko paka Fungurume."

Clémentine alipiga makofi mara moja. Eugène alisema sasa kila mtu ameona, mume na mke wimbo mmoja. Wapakiaji walitazama chini. Tina alimtazama mama yake kwa macho makubwa, na Hortense aliona kwamba mtoto sasa anamtilia shaka hata yeye. Alirudisha kipaza sauti mezani, akahakikisha Germaine amekizima, ndipo akamgeukia patron, akamwomba atoe gari.

"Patron, mutoshe kamioneti yenu, tuende na minye, sasa hivi. Kama hatukute kamiyo na unga yote, minye mwenyewe nitatosha bintu byangu mu nyumba yenu. Hamutahitaji hata kunifukuza."

Eugène alimwangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa, maana malori mawili ndiyo yote aliyoachiwa, na alihisi kila mtu mjini anangoja ayapoteze. Mtu mwenye hofu hupenda kuambiwa "twende ukaone". Alikwenda kuchukua ufunguo.

*

Kamioneti, gari dogo la mizigo, ilikuwa na jina la depo, Makasi, limeandikwa kwa rangi nyekundu mlangoni. Barabara ilikuwa mashimo matupu yaliyounganishwa na lami kidogo. Eugène aliendesha vibaya, akiingia kila shimo katikati, huku akieleza kwamba angalikuwa na moyo wa baba yake angalisamehe, lakini biashara si moyo. Hortense alishikilia mlango.

Nje ya mji palikuwa na kizuizi: kamba iliyofungwa vitambaa, wanaume watatu, bunduki moja. Hawakuwa na sare kamili ya mtu yeyote. Mmoja wao, mwenye kandambili, alikuja dirishani, akataka kahawa, maana yake pesa. Eugène alitoa sigara. Jamaa akasoma lile jina la mlangoni, akatabasamu kama aliyekutana na ndugu.

"Makasi. Ile kamiyo ya unga yenye ilikufa ku Fungurume, ni yenu?"

Eugène alisema ndiyo, ni yake.

"Tulisikia ku foni. Tulituma bandugu Jumanne bayilinde." Alicheka, na wale wawili nyuma wakacheka pia, kwa sababu kila mtu alijua ulinzi wao unavyokuwa. "Balitafuta mupaka jioni, balirudia mikono mitupu, miguu ikivimba. Patron, shofere yenu anasema bongo."

Alipokwisha kumwita dereva mwongo hivyo, kamba ikashushwa. Eugène alipita juu yake polepole sana, akaenda kama mita mia tatu, kisha akasimamisha gari kando ya barabara, injini ikinguruma. Mikono yake ilikuwa bado juu ya usukani. Hortense alitazama mbele. Hakutaka kumsaidia.

"Mama Tina," Eugène alisema mwishowe, "Hilaire iko wapi?"

"Tuendelee," alisema Hortense. "Tukishapita Mulungwishi, muangalie mukono wa kuume."

"Na baba yangu alijua?"

"Alijua."

Akatia gia. Tangu pale hakusema tena habari za biashara na moyo, na mashimo alianza kuyakwepa.

Walipita Mulungwishi, shule na nyumba za misheni zikabaki nyuma, na kilomita kama sita mbele walikuta njia ndogo ya zamani ya wakata miti, imezibwa kwa matawi mabichi. Hortense alishuka akayaondoa. Nyuma ya matawi lilikuwa lori, limeinuliwa kwa magogo, turubai imefungwa kila kamba, antena imekunjwa na kufungwa kwa mpira ili isionekane. Chini yake ilionekana miguu miwili yenye viatu tofauti.

Hilaire alitoka chini ya lori, ndevu za siku nne, grisi hadi viwikoni. Alimwona mkewe, kisha patron, akajipangusa mikono kabla ya kusalimia. Alisalimia kwa heshima yote, akasema springi itakuwa tayari baada ya saa mbili, kwamba Damas alimpa jani la zamani alilolikata kwa msumeno, na kwamba patron anaweza kupanda kuangalia mzigo. Hakusema neno la Jumatano. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwa Eugène, aliyekuwa amejitayarisha kwa ugomvi.

Eugène alipanda, akainua kona ya turubai, akaona magunia yamekaa kama yalivyopangwa depo. Akaishusha bila kupanda zaidi. Aliposhuka alikuwa na vumbi kwenye koti, akamwambia Hilaire kwa sauti ya chini kwamba amekosea, kwamba hakujua, kwamba samahani.

"Haina neno, patron," Hilaire alisema. "Imeisha."

"Iko neno," alisema Hortense.

Wanaume wote wawili walimgeukia. Hilaire alimtikisia kichwa kidogo, ile ishara ya waume ya kuomba jambo liachwe. Alikuwa na miaka kumi na sita ya kazi na alitaka kuendelea nayo. Lakini Hortense alikuwa amechota maji mtaa wa pili, alikuwa amelalia godoro alilolifunga na kulifungua, na alikuwa ameyaona macho ya mtoto.

"Patron, hamukumwita mwizi hapa mu pori. Mulimwita ku foni. Likasi ilisikia, Kolwezi ilisikia, mutoto yangu alisikia. Samahani ya hapa inasikiwa na miti. Neno mulisema ku foni, muliondoe ku foni."

Eugène alitazama kabini ya lori. Aliwaza juu ya shemeji yake, ambaye angemcheka mwaka mzima. Aliwaza juu ya wafanyabiashara wa Kolwezi, ambao tayari walimwita mutoto ya Kitenge hata walipokuwa wakimlipa. Aliwaza juu ya mkewe na kufuli lake. Alivua koti, akalishika, hakujua aliweke wapi, akaliweka juu ya gogo. Ilikuwa karibu saa sita.

Hilaire alifungua antena. Eugène akapanda kabini, akabonyeza.

"Hapa Makasi deux. Minye ni Eugène Kitenge. Naita bantu bote ba njia." "Jumatano nilisema Hilaire ni mwizi. Sasa minye iko naye. Iko naye hapa Fungurume, na unga yote iko. Minye njo nilikosa. Hilaire haiko mwizi. Anajua kazi kunipita. Naomba bantu bote benye balisikia ile, basikie na hii. À toi."

Hilaire, aliyekuwa amesimama chini ya mlango, aliinua kichwa alipolisikia jina la Fungurume. Hortense naye alilisikia. Hakuna aliyemfundisha patron desturi ile.

Kisha foni ikanyamaza, ikakwaruza tu, na kwa muda Eugène aliamini kwamba hakuna aliyekuwa akisikiliza. Ndipo Damas akaingia: "Étoile. Bien reçu." Baada yake dereva wa lori la samaki kutoka upande wa Kapolowe: bien reçu. Kisha sauti ya Kolwezi, ya mzee. Kisha sista mmoja, kwa Kifaransa safi. Kisha madereva wawili kwa pamoja wakikanyagana, wakarudia mmoja mmoja, hakuna aliyeongeza neno, kila mtu na yake: bien reçu, bien reçu. Hilaire alikuwa akiwahesabu kwa midomo. Alipofika kumi na moja aliacha.

Ya mwisho ilikuwa ya Germaine. "Likasi, bien reçu. Tina iko hapa ku benchi tangu asubui, alikataa kuenda kula. Namupatia."

Kipaza sauti kilibadilisha mikono, ikasikika pumzi ya mtu asiyejua kubonyeza anasemea wapi.

"Tata," alisema Tina. "Minye nimesikia."

Eugène alishuka haraka, akampa Hilaire nafasi. Hilaire alipanda, akashika kipaza sauti kwa mikono yake ya grisi. Alibonyeza. Watu wote wa barabara walimsikia akijaribu kusema, na hakuna aliyemwingilia. Mwishowe alisema, "Bien reçu, mama," kama baba wa kule wanavyowaita mabinti wao, akakirudisha kwenye ndoano yake.

Akaingia tena chini ya lori. Patron alikunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye udongo, akauliza ampe spana gani. Huko chini Hilaire alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa grisi, na Hortense akasema, "Tumuache kwanza kidogo."